Programu ya Gari na Safari ya Ijumaa

Nakumbuka Ijumaa moja, mwanangu Kwamboka, nilipokuwa kijana nikifunzwa kuendesha lori la majani chai kutoka Gesima hadi kiwandani Itumbe. Jua lilikuwa linazama, na sisi Wasabato tunajua Sabato huingia jua la Ijumaa likizama, wala haimngoji mtu. Nikakanyaga mafuta mteremkoni hadi magunia yakaruka. Mzee Ondieki, dereva aliyekuwa akinifunza, akaniamuru nisimame, akaniketisha kando ya barabara mpaka jua likatua kabisa. Lo, nilivyomkasirikia!

"Mzee, Sabato imetukuta barabarani!"

"Mungu anajua tuko njiani," akasema. "Mama yako ndiye hajui kama utafika."

Juzi ulinipigia simu ukisema gari lako jipya linaweza kuongezewa programu ya kulipia kila mwezi. Eti litafuata lenyewe mstari uliochorwa barabarani na kujipunguzia mwendo, nawe utatoka Nairobi moja kwa moja baada ya zamu ya usiku hospitalini, ufike kwetu kabla ya jua kuzama. "Baba, nikichoka litanisaidia." Haya. Lakini ukishaacha lami ya Keroka kupanda huku kwetu, mstari wa kushika uko wapi? Kuna ukungu, ng'ombe waliofungwa kando ya njia, na akina mama wamebeba majani mgongoni. Hapo gari litakurudishia usukani, nawe macho hayafunguki.

Sisemi vyombo ni vibaya, mwanangu. Ile breki inayojishika mtoto akikatiza barabara, ilipie, hata ikibidi niuze ndizi nikuchangie. Ila ukilipa ili upate kuendesha ukiwa hoi, pesa yako imenunua msiba. Mwenda pole hajikwai.

Nami nimechoka, nakwambia ukweli. Kila Ijumaa mama yako anaanzisha wimbo wa kufungua Sabato, mimi siimbi. Nasikiliza magari yanayopanda mlima, nahesabu lipi si lako. Mwili huu hauna nguvu ya kuzika mtoto.

Basi fanya hivi: lala kwanza, ndipo ushike usukani. Jua likikuchwea Narok, lala Narok, uifungue Sabato na waumini wa huko. Wala usione haya kutupigia simu kwamba umekwama. Mungu akulinde na usingizi wa njiani, akufikishe Jumamosi au Jumapili au siku yoyote apendayo, mradi ufike ukitembea kwa miguu yako.