Balbir na Baridi ya Limuru

Balbir ni yule Kalasinga wa Kinoo anayejaza gesi ya AC ya magari kwa kutumia mkono. Nikimweleza mtu hivyo hudhani natania. Geji anazo, zimening'inia ukutani na paipu zake mbili, ya buluu na nyekundu, na kila gari likija anazifunga inavyotakiwa. Lakini neno la mwisho ni la mkono wake wa kushoto.

Gesi ikiwa inaingia, yeye huketi kwenye kiti cha dereva, hupandisha vioo vyote, hufungua AC hadi mwisho, halafu huweka mgongo wa ule mkono mbele ya tundu la hewa katikati ya dashibodi. Hapo hutaja mahali. Hewa ikiwa ya moto ni Mombasa. Ikianza kupoa ni Ngara, halafu Westlands, halafu Kinoo kwetu, ambako ukitoka asubuhi ya Julai bila sweta utajuta. Anayoitaka yeye ni Limuru, kule juu kwenye chai na ukungu. Mkono ukisema Limuru, anashuka na kufunga gesi, na mwenye gari anaweza kwenda zake hadi Kisumu akiwa amefunga vioo. Mara nyingi nimechungulia geji wakati anasema Limuru, na mshale huwa umesimama palepale unapotakiwa kusimama. Sijui ni maajabu gani, ila yalikuwa yanafanya kazi.

Mimi ni Mukai, nashona viti vya magari. Tuko yadi moja kando ya Waiyaki Way, mimi karibu na lango, yeye kule ukutani, na kelele zake nazijua kuliko za mume wangu. Kila mteja lazima ahubiriwe. "Washa AC hata kukiwa na baridi, kidogo tu kila wiki! Ile oil inatembea na gesi ndiyo inalainisha raba. Ukizima miezi sita raba inakauka, gesi inatoroka, halafu Januari unanijia hapa ukilia." Watu wa Nairobi huitikia kwa kichwa, wanatoka pale langoni, na kitu cha kwanza wanachofanya ni kuzima AC kwa sababu eti inakunywa petroli. Anawaona. Anawatukana polepole kwa Kipunjabi.

Basi mwaka huu mambo yakaanza kwenda kombo, na mimi sikuelewa hata kidogo. Magari aliyoyajaza yakawa yanarudi. Mtu anatoka hapa akitabasamu, akifika kwenye msongamano wa Kangemi AC inaanza kupuliza moto. Anarudi amefura. Balbir anafungua boneti, anapaka povu la sabuni kwenye kila kiungo kutafuta panapovuja, hakuna hata kiputo kimoja. Anaosha ile rejeta ndogo ya mbele isiwe imezibwa na vumbi. Safi. Anaweka mkono kwenye tundu la hewa, anatikisa kichwa, anaongeza gesi. Kesho yake gari limerudi tena.

Alianza kulaumu gesi. "Siku hizi wanachanganya," akasema, akamwacha muuzaji wake wa Kirinyaga Road akahamia kwa mwingine. Ikawa yaleyale. Akalaumu geji, akanunua mpya. Geji mpya ikasema kile ilichokuwa ikisema ya zamani, naye akaniambia zote mbili ni waongo. Nikamwuliza, kwa nia njema, kama amelala vizuri. Aliacha kunisalimia siku nzima.

Wateja wakaanza kuhamia garage moja mpya kule mbele yenye mashine ya kompyuta, na wakipita hapa wanaangalia upande mwingine. Nilimwonea uchungu sana. Huyu ni mtu ambaye jina lake lilikuwa likitajwa kuanzia Waithaka mpaka Hurlingham, na sasa alikuwa anakaa kwenye stuli akiuangalia mkono wake kama mtoto aliyemkosea. Hata vichekesho vyake viliisha. Nilidhani ni uzee unaingia. Kuna siku nilidhani ana ugomvi nyumbani, maana mkewe Taranjit, ambaye zamani alikuwa akimletea chakula tunakula wote, alikuwa akikiacha kwenye meza na kuondoka bila kuketi.

Mteja wa maana aliyebaki ni Kui, ambaye ana duka la maua pale Hurlingham na van ya kuyapeleka kwenye harusi. Bila AC, waridi linafika kanisani limeinamisha kichwa. Na ndivyo ilivyotokea, baada ya Balbir kumjazia gesi mara ya mwisho. Bibi harusi alilia, si kwa furaha.

Kui akaja na van, akashuka, akamwambia peupe.

"Mzee, wewe nakuheshimu. Lakini Jumamosi niko na harusi ingine Karen. Ikikataa tena naenda kwa wale wa kompyuta. Usinikasirikie."

"Sikasiriki," Balbir akasema, na kilemba chake kilikuwa kimetulia kabisa, lakini tayari alikuwa anashusha geji ukutani. Kui akienda, hakuna atakayebaki.

Alianza upya. Akaitoa gesi yote, akafunga pampu ikavuta hewa mpaka mshale ukalala chini, akasubiri aone kama utapanda. Haukupanda, kwa hiyo hapakuwa na mahali panapovuja. Akawasha injini, akafungua gesi iingie taratibu. Mimi niliacha cherehani nikaja kusimama mlangoni mwa van. Kui alikuwa amekaa kiti cha abiria.

Balbir akaweka mkono. "Ngara," akasema.

Tukasubiri. Mshale wa geji ukapanda ukafika pale ambapo siku zote alikuwa anafunga.

"Bado Ngara."

"Mzee, mimi nasikia baridi," Kui akasema, akijifunga kardigani.

"Unanionea huruma."

"Aki ya nani, nasikia baridi!"

Mimi nikaingiza mkono wangu. Kama hiyo haikuwa Limuru basi mimi si Mukai. Nikamwambia hivyo. Aligeuka akanitazama kwa hasira ambayo sijawahi kuiona kwake.

"Wewe umeanza lini kujua AC? Rudi kwa viti zako."

Akashuka, akaenda akaongeza gesi, akarudi. Westlands, akasema. Akaenda tena. Mshale ukapita mahali pake, ukazidi kupanda, na mimi nikafunga mdomo kwa sababu nilishaambiwa nirudi kwa viti zangu. Mara tukasikia kompresa inayosukuma gesi ikisema tak, ikajizima. Hewa ikaanza kuwa vuguvugu.

"Mmeona?" Balbir akasema. "Mmeona sasa? Baridi iko wapi?"

Nikaingiza mkono tena. Kweli, baridi haikuwepo. Hapo nilichanganyikiwa kabisa. Nilikuwa nimeihisi au sikuihisi? Nilimtazama Kui, naye alikuwa anautazama mkono wake mwenyewe. Watu watatu mbele ya tundu moja la hewa, na hakuna aliyejua kama kuna baridi au hakuna.

Balbir alikuwa ameshafika kwenye boneti. Akaanza kuifungua ile paipu kwa hasira kabla hajafunga vali, jambo ambalo hata mimi fundi wa viti najua halifanywi. Gesi ikafyatuka. Ikamwagika juu ya mkono wa kushoto, moshi mweupe ukaruka, na ngozi ikaganda barafu kuanzia vidoleni mpaka kwenye kifundo, ikawa nyeupe kama ya mtu aliyetoka kukanda unga wa chapati. Naye anaendelea kuongea.

"Hii gesi ni maji tu! Wanatuuzia maji! Mimi nitarudi huko mjini leo na—"

Kui akapiga ukemi.

Balbir akatutazama kwa zamu. "Nini?"

"Mkono, mzee!"

"Mkono una nini?" Akauinua, akauona. Akaugeuza. Vipande vidogo vya barafu vikamwangukia kwenye kiatu.

"Husikii?" nikamwuliza.

"Nisikie nini?"

Nilimkokota mpaka kwenye mfereji, nikamfungulia maji juu ya mkono, yeye akiwa amesimama tu kama anayeoshewa mkono wa mtu mwingine. Nikaufunga kwa kitambaa safi cha viti. Kwenye van, paipu ilikuwa imechomoka na kiungo kikajifunga chenyewe; gesi iliyozidi ilikuwa imeshatoka, na kompresa ikashika tena yenyewe. Kui akaita kutoka ndani, taratibu, kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto.

"Mzee, kuja uweke huo mwingine."

Alienda. Akaweka mkono wa kulia mbele ya tundu la hewa, mkono ambao kwa miaka yote hiyo haukuwahi kuulizwa lolote. Akaweka mgongo wake, akaugeuza, akaweka kiganja.

"Limuru," akasema mwishowe.

Nilianza kuongea haraka haraka kama kawaida yangu nikiwa na hofu. Nikamwambia twende hospitali, daktari ataona kama ni sukari au ni hii gesi ambayo ameishika bila glavu tangu ujana. Nikamwambia wateja watarudi, tutawapigia mmoja mmoja, kumbe alikuwa anawajazia kupita kiasi tu hadi kompresa inajizima, geji haikuwa mwongo. Nikamwambia mkono wa kulia utajifunza. Hakuwa ananisikiliza. Alikuwa ameketi kwenye stuli yake akiangalia kile kitambaa.

"Mukai," akasema, "nikiendesha pickup, Taranjit huweka mkono wake juu ya wangu hapa kwa gia. Tangu tuoane. Mimi siangalii, naangalia barabara. Mwaka huu akaacha."

Nikachuchumaa kando yake.

"Sikumwuliza. Mtu mzima anauliza aje kitu kama hiyo? Nikanyamaza. Nikaacha kuongea naye."

Nilikuwa nimeshampigia Taranjit simu, naye alifika na teksi, mtandio wake wa dupatta umeanguka begani, akakimbilia ule mkono. Wakaongea Kipunjabi chao, yeye anauliza, mumewe anajibu kwa kifupi. Halafu Balbir akabadilisha lugha, akamwuliza kwa Kiswahili mbele yetu sote. Mpaka leo sijui kama alitaka tusikie au alichanganyikiwa tu.

"Uliacha lini kunishika mkono kwa gari?"

Taranjit alimkodolea macho. Akanitazama mimi, akamtazama Kui, kama anayetaka tumwambie huyu mzee amepatwa na nini.

"Kuacha?" akasema. "Jumapili tukitoka kusali gurudwara, si nilikushika mpaka nyumbani?"

Balbir akafunika uso kwa ule mkono mzima. "Nilidhani umenichoka," akasema.

"Mimi nilijua wewe ndiye umenichoka," Taranjit akasema. "Lakini nikaendelea kukushika."