Kihispania cha Ingvild

Ilikuwa mwaka elfu mbili na sita. La, nimekosea. Mwaka wa sita Mama Otilia Barrios alikuwa bado anapikia kuni, na wanafunzi wageni walimkimbia kwa moshi. Basi ni mwaka wa nane, alipokwisha kupata jiko la gesi, ndipo shule ya Kihispania ya hapa mjini kwetu Xela ilipomletea Ingvild akae kwake.

Msichana alitoka Norwei, lakini sura ilikuwa ya kwetu kabisa, nywele nyeusi tititi. Sokoni wauzaji walimsemesha kama mwenzao, naye akabaki kukodoa macho. Siku moja alitumwa parachichi akarudi na kuku mzima, tena hai, kamkumbatia kwapani.

"Yule mama alinibembeleza," akajitetea. "Sijui bado kukataa."

"Hata sisi hatujui, mwanangu," Otilia akacheka mpaka akakaa chini.

Asubuhi moja, wakila maharage, Ingvild alimweleza kilichomleta. Alichukuliwa akiwa mchanga akalelewa ng'ambo. Sasa mama mzazi amepatikana, yu hai, yuko kijiji cha juu kabisa, milima ya San Marcos.

"Nataka nimsemeshe mwenyewe," alisema. "Asiwepo mtu katikati yetu. Ndiyo maana nasoma."

Otilia alikijua kijiji kile. Wanawake wa umri ule kule husema Kimam, lugha ya mababu zao. Kihispania hukisikia redioni tu. Alifungua mdomo amwambie. Kilichotoka kikawa kingine: "Utaweza, mwanangu. Mbona tayari unasema vizuri!"

Kwetu habari mbaya haitupwi mezani mtu akiwa anakula. Hata mgeni akikuuliza njia usiyoijua, humwambii hujui. Unamwonyesha kona fulani, aende na moyo mkunjufu. Otilia akajiambia, nitamwambia kesho. Kesho ikazaa kesho.

Na dawa ilikuwa karibu, hilo ndilo lililomkaa rohoni baadaye. Candelaria, jirani aliyewasha taa nyekundu mlangoni kila Jumamosi ili watu wajue tamale zake, zile za unga wa mahindi na nyama zilizofungwa majanini, zimeiva, alizaliwa milima ile ile. Otilia alinunua kwake, Ingvild akimbebea kikapu. Neno moja tu lingetosha: Candelaria, mfundishe huyu lugha yenu. Lakini angelianzia wapi, baada ya kumsifu majuma yote yale?

"Mama Otilia, unaniharibia mwanafunzi," mwalimu Lisandro alimtania. "Mimi namsahihisha mchana kutwa, wewe jioni unampaka asali!"

"Mwache apate nguvu," akajibu, na uso ukamwasha.

Siku ya kwenda kijijini, Ingvild alimsihi Otilia wafuatane. Walipofika, yule mama mzazi alikuwa mdogo wa umbo, akatoka jikoni mikono ikichuruzika maji. Ingvild akasimama mbele yake akayatoa maneno yake yote, polepole, bila kosa hata moja. Lisandro angelia kwa furaha.

Yule mama akamtazama. Kisha akamtazama mpwa wake wa kike aliyeegemea mlango. Halafu akaushika uso wa msichana kwa mikono ile mibichi, akaanza kusema Kimam. Alisema sana. Sauti ilipanda ikashuka, akacheka mahali, mahali akalia, na kuna maneno aliyarudia na kuyarudia.

Aliponyamaza, mpwa alitazama chini kwa haya. "Anasema karibuni, mle."

"Ni hayo tu?" Ingvild akauliza.

"Ndiyo, dada. Ni hayo."

Wakala. Njiani kurudi msichana akamgeukia Otilia.

"Mama, ulijua?"

"Nilidhani labda amejifunza siku hizi..."

"Ulijua."

Hakupaza sauti. Afadhali angepaza. Siku ya kuondoka alimbusu Otilia shavuni, akamshukuru kwa chakula, kwa Kihispania kizuri kabisa.

Jumamosi iliyofuata taa nyekundu iliwaka, Otilia akaenda. Alikuwa ameyabeba kichwani yale maneno yaliyorudiwa, akiyanong'ona akifua, akiyanong'ona akipika, yasimponyoke. Akamtamkia Candelaria.

Mikono ya Candelaria ikasimama juu ya majani. Macho akayainamisha.

"Ni maneno mazuri, doña Otilia."

"Mazuri vipi?"

"Mazuri sana. Nikufungie ngapi?"

"Candelaria, mwenzangu, niambie tu. Hata kama ni mabaya."

"Za kuku zimeisha," alisema Candelaria kwa upole. "Zimebaki za nguruwe."

Otilia alipokea tamale zake akashukuru. Mpaka leo wageni wakipita kwake, akisikia mtu ametoka milima ile, humshika mkono na kumtamkia maneno yale, ambayo sasa bila shaka yamekwisha lika pembeni kama sabuni. Wote humjibu kwa adabu kwamba ni maneno mazuri. Mimi mwenyewe aliniuliza, nami nikawauliza wengine: yule mama alimwambia nini mwanawe?