Gazeti la Ndani ya Makoti

Simu ililia mwoka mikate akiwa amezamisha mikono yote miwili kwenye unga hadi viwikoni. Akaipokea kwa ncha ya pua, kama alivyozoea, na kuinamisha sikio juu ya meza.

"Dada," ilisema sauti ya kinyozi, yule aliyepanga chumba kinachopakana na kibanda cha kaka yake fundi cherehani. "Umekaa?"

"Mwoka mikate anakaa saa ngapi? Sema."

"Ni kaka. Taarifa ya saa saba imemnukuu waziri, anasema mitihani ya mwaka huu imekwenda bila dosari hata moja." Kinyozi akashusha sauti. "Na kaka hakujibu kitu. Nikasubiri. Kimya. Nikamwacha mteja na kichwa nusu, nikaenda kuchungulia."

Mwoka mikate hakuhitaji kuambiwa zaidi. Kaka yake angeweza kukosa chai na angeweza kukosa usingizi, lakini kumwacha waziri aseme vile na aondoke salama? Huyo hakuwa tena kaka yake aliye hai. Akapiga magoti kati ya magunia ya unga, akalitaja jina la Mungu mara tatu, na kilichomtoka baada ya hapo, Mwenyezi amsamehe, kilikuwa kicheko. Alicheka huku machozi yakichimba mifereji kwenye unga wa mashavuni, mpaka wenzake pale tanurini wakadhani ameshinda bahati nasibu.

Tangu wakiwa wadogo, kaka huyo hakujua kusikia habari akanyamaza. Redio yake ya betri ilikaa juu ya rafu ya nyuzi, na yeye akakaa chini yake miaka thelathini, mguu kwenye kanyagio la cherehani, mdomo tayari. Msomaji wa habari akimaliza sentensi, kaka hugonga meza kwa chaki na kupaza sauti kama wakili: "Pingamizi!" Kisha hueleza. Mtaa mzima ulimwita Bwana Pingamizi, na kuna waliopeleka suruali nzima, isiyo na tundu, ili tu wakae kwenye benchi lake saa ya taarifa. Habari ikiwa nzito, pindo lilikwenda upande, hivyo wenye harusi walisubiri wiki tulivu. Mwaka wa uchaguzi hakuna aliyethubutu kumpelekea gauni la bibi harusi.

Alhamisi asubuhi ndugu walikutana nyumbani kwa shangazi kupanga mazishi ya Jumamosi. Binamu, mwalimu mkuu wa shule ya msingi, mtu wa miwani na mafaili, alifika na bahasha nene.

"Kazi ya wasifu imekwisha," alisema. "Nimeipa simu jina na kazi yake tu, ikaandika yenyewe. Sekunde ishirini! Nimeshachapa nakala mia mbili."

Akasoma kwa sauti ya gwaride. Marehemu alikuwa nguzo ya jamii. Marehemu alikuwa taa iliyoangaza njia za wengi. Marehemu alipenda michezo na maendeleo. Marehemu ameacha mjane na watoto watano.

Shangazi akavua miwani, akaifuta kwa kanga, akaivaa tena, akatazama mlangoni.

"Watano?" aliuliza. "Wako wapi? Kama wapo waleteni jamani, nyumba hii ina upweke."

Kaka hakuwahi kuoa. Sebule nzima ikaangua kicheko, shangazi akiongoza, isipokuwa binamu aliyesema, "Hilo la mjane na watoto tutalikata kwa kalamu."

"Nakala mia mbili utazikata kwa kalamu?" mwoka mikate akamuuliza.

"Wewe una wasifu gani mwingine, mdogo wangu? Ulifaulu Kiswahili kidato cha nne, sawa. Ila umeandika lini zaidi ya 'mikate mia, maandazi mia nne'?"

Neno hilo lilimwingia kama mwiba, kwa sababu lilikuwa kweli, na kwa sababu alikuwa ameahidi. Miaka miwili nyuma walimzika jirani mmoja ambaye simu ilimwita mwanamichezo hodari, mtu aliyekuwa akitumwa chumvi anatafuta wa kumtuma. Siku ile kaka alimshika mkono njiani, na hakuwa akitania. "Mdogo wangu, siku yangu usikubali simu inizike. Wasome kitu nilichokuwa. Hata kama ni kibaya, kiwe changu."

"Nitaandika mimi," mwoka mikate alisema sasa mbele ya wote.

"Jumamosi saa nne nitaanza kusoma," alijibu binamu, akipanga nakala zake zikae mraba. "Ukiwa nacho cha kweli, ulete. Usipokuwa nacho, kanisa haliwezi kukaa bubu."

Mchana ule alijaribu. Aliandika "Kaka alizaliwa" kisha akatafuna kalamu. Aliandika "Kaka alishona" akatafuna tena. Kila alichokikumbuka kilikuwa kelele tu, "Pingamizi! Pingamizi!" bila maneno yaliyofuata, kama mtu anayekumbuka mapigo ya wimbo akasahau wimbo wenyewe. Karatasi ikabaki nyeupe kama unga wake. Akaomba Mungu. Kisha akaenda kibandani kuchukua suti ya kumvalisha marehemu.

Suti ilikuwepo, nyeusi, ya kaka mwenyewe, imetundikwa kwenye msumari. Fundi havai kizuri. Alikuwa akiishona miaka minne, na bitana ya koti ilikuwa bado haijafungwa upande wa kushoto. Aliponyanyua kitambaa ili aone mshono, aliona maandishi. Kwenye kile kitambaa kigumu kinachokaa kifuani, kati ya koti na bitana, mahali ambapo hakuna jicho linalofika, kulikuwa na mwandiko wa penseli, mdogo, ulioinama mbele kama watu wanaopanda mlima.

*Redio leo: wataalamu wanasema karibuni binadamu ataishi miaka mia moja na ishirini. Pingamizi. Nguvu za kumsikiliza zitatoka wapi?*

Chini yake, penseli nyingine, siku nyingine:

*Redio leo: ufundi umerudishwa shuleni. Walipoutoa waliuita mzigo. Leo wanauita ubunifu. Mimi sikutoka hapa, wangeniuliza ulipo.*

Mwoka mikate alikaa chini kwenye benchi la wateja. Miaka mingi nyuma kaka alimwambia, sindano ikiwa mdomoni, "Nina gazeti linalotembea mjini na wasomaji hawajui." Yeye aliona ni utani wa kaka. Kumbe!

Alipiga ukuta kwa ngumi. "Kinyozi! Vua koti lako!"

"Dada, tuko kwenye msiba."

"Vua, nimekwambia!"

Alihamia kwake, akafungua mshono wa bitana kwa kiwembe cha kinyozi mwenyewe, urefu wa shibiri moja. Wakasoma wote wawili, vichwa vimegongana: *Redio leo: imetengenezwa mashine inayoweza kunyoa. Kinyozi wangu hana wasiwasi na mimi sina. Mashine itapata wapi umbea?*

Kinyozi alianguka kwenye kiti chake cha kazi, kikamzungusha mara mbili. Alicheka mpaka akashika ubavu, kisha akalia, kisha akatoka nje na kufanya kile alichojaliwa: akatangaza. Kufika magharibi, habari ilikuwa imefika mitaa mitatu.

Ijumaa kiwanda cha mikate kiligeuka kiwanda cha kufumua. Watu walipanga foleni na makoti mikononi, wengine wameyavaa kwenye jua kali. Mwoka mikate alikagua trei kwa jicho moja na kufumua kwa jingine, na kinyozi akaandika kwenye daftari la oda.

Alikuja meneja wa benki, mwenye tumbo la heshima na suti ya kijivu. Ndani: *Redio leo: simu itapima suti kwa kupiga picha tu. Vizuri. Je, itajua kwamba mteja huyu hujibana tumbo anapopimwa? Nimeongeza inchi mbili, sitamwambia.*

"Ndiyo maana!" alipaza sauti meneja. "Miaka sita suti hii hainibani! Nilikuwa namwambia mke wangu sijanenepa!"

"Mkeo anajua, baba," mwanamke mmoja alisema kutoka nyuma ya foleni, na foleni yote ikayumba kwa kucheka.

Alikuja diwani, akisitasita. Koti lake lilisema: *Redio leo: mheshimiwa ameahidi kompyuta kila nyumba. Umeme ulikatika mara tatu akiwa anaahidi. Aliyemsikia mpaka mwisho ni betri zangu.* Diwani alikohoa, akaomba maneno yale yasiandikwe. Kinyozi alishamaliza kuyaandika.

Jioni akaja mchungaji, amekunja koti lake jeusi mkononi kama mtoto mchanga. Watu wakampisha.

"Fungua, mama," alisema. "Nikiogopa mshono, hukumu nitaisimamaje?"

Mwoka mikate alifungua, akasoma moyoni, akalikunja koti haraka. "Mchungaji, hili tuliache."

"Soma."

"*Redio leo,*" alisoma, sauti ikipungua, "*wanasema makanisani sasa wapo wanaoandikiwa mahubiri na mashine. Nimemsikiliza wetu Jumapili hii, hakukosea hata neno. Nimesikitika. Alikuwa akisahau mistari, akikuna kichwa, akitulilia. Hapo ndipo nilipokuwa nikiokoka.*"

Tanuri likasikika likinguruma. Mchungaji alikuna kichwa. Alikikuna muda mrefu, kisha mabega yakaanza kumtikisika, na haikujulikana upesi kama ni kicheko au ni kilio mpaka akapiga meza ya unga, vumbi likaruka jeupe mpaka kwenye nyusi zake. "Amenikamata! Mara tatu tu, Mungu shahidi, mara tatu tu, na amenikamata!"

Usiku haujaingia daftari lilikuwa limejaa. Shangazi alisomewa lote akiwa amelala kwenye mkeka, akawa anasema "Huyo ni mwanangu, huyo ndiye" kila baada ya kipande. Mwoka mikate alifurahi, na ndani ya furaha alijua ana kidonda kidogo. Amepekua makoti thelathini na mawili, na hakuna hata moja lililomtaja yeye. Hakumwambia mtu. Yeye huvaa aproni, na aproni haina bitana.

Jumamosi saa tatu na nusu alimkuta binamu kwenye ngazi za kanisa, akigawa nakala zake. Maneno "mjane na watoto watano" yalikuwa yamekatwa kwa kalamu nyekundu katika zile za juu. Zilizobaki bado zilikuwa na watoto.

"Hili," binamu alisema alipoliona daftari, "ni vichekesho. Wageni wametoka mbali. Mtu anazikwa kwa heshima yake, hazikwi kwa utani."

"Na koti lako je?"

"Koti langu lina nini?"

"Alilishona yeye. Kila mtu amefunguliwa, mpaka mchungaji. Umebaki wewe."

"Nilishonewa nilipopewa shule. Silifumui." Lakini mkono wake ulikuwa tayari umeenda kifuani, unapapasa, kama anayetafuta kalamu. Kinyozi, bila kuulizwa, akatoa kiwembe.

Binamu alivua koti polepole, akabaki na shati na mikanda ya suruali, akalitoa. Mwoka mikate alifumua shibiri moja, akampa alisome mwenyewe. Binamu aliinua miwani, akalisogeza karibu na uso. Alisoma bila sauti. Kisha akajaribu kwa sauti, ikamkatika, akaanza upya.

"*Binamu yangu amekuwa mwalimu mkuu leo. Nimekaa na redio kuanzia saa kumi na mbili asubuhi mpaka taarifa ya mwisho. Hawajamtangaza. Basi natangaza mimi, humu, na atalivaa.*"

Alikaa kwenye ngazi. Miaka tisa alikuwa akilivaa koti lile kila kikao, kila sherehe, akilalamika kwamba fundi hakuhudhuria siku yake ya kukabidhiwa shule. Mwoka mikate alikaa kando yake. Walikuwa wakilia na kucheka kwa zamu, akimaliza huyu anaanza yule, hata mama mmoja aliyekuwa akipita akauliza kama hapa kuna harusi.

Binamu akasimama, akaanza kuzunguka akikusanya nakala zake kutoka mikononi mwa watu. "Nirudishie. Samahani. Nirudishie hiyo, mzee. Na ya huyo. Ina makosa."

Kabla jeneza halijafungwa, mwoka mikate aliomba dakika kumi. Alichukua sindano na uzi mweusi, akafunga ile bitana ya kushoto iliyokuwa imebaki wazi, maandishi yakiwa ndani. Hakuwa fundi. Mishono ilikuwa mikubwa na imepinda, na sindano ilimchoma kidole. Alikata uzi kwa meno.

Saa nne alipanda mbele na daftari la oda. Alisema kaka yake alizaliwa, alishona, alijibu, na majibu yake ni haya. Akasoma yote thelathini na mawili, hata la diwani, na la binamu, na yale mawili ya suti. Kanisa lilicheka mara nyingi, na mara mbili hakuna aliyecheka. Mchungaji alihubiri bila karatasi, akapotea katikati ya mstari, akasimama mpaka ukamrudia.

Walitembea mpaka makaburini, mwendo wa robo saa. Wanaume sita walibeba jeneza, binamu akiwa mbele kulia, bila koti, kwa kuwa lilikuwa bado halijashonwa. Jeneza liliteremshwa kwa kamba. Shangazi alitupa udongo kwanza, akafuata mwoka mikate, kisha binamu, kisha kinyozi, na wengine baada yao. Mchungaji aliomba. Waliimba wimbo mmoja, beti zake zote. Makoleo yakapokezanwa mpaka kaburi likajaa, msalaba wa mbao ukasimikwa, shada moja likawekwa. Shangazi alikuwa amechoka. Mwoka mikate akamshika mkono, wakarudi nyumbani kwa miguu.