Kalamu ya Sandarusi ya Bwana Kamaludin

Mkwe wangu, Bwana Kamaludin, alikuwa mkereza. Nasema mkereza, si seremala. Ukimwita seremala alikuwa hata salamu hakuitikii vizuri. Kazi yake ilikuwa matendegu, ile miguu ya vitanda yenye vifundo na mabonde, na nyumba nyingi za Mji wa Kale watu wamezaliwa na wamekufa juu ya miguu iliyotoka mkononi mwake. Hili nalisema kwa fahari, na sitaki mtu anibishie.

Niliingia nyumbani kwake, mtaa wa Kuze, mwaka wa 1965, nimeolewa na mwanawe Aidarus, karani wa reli. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimesoma mpaka darasa la saba, na nilijiona najua kila kitu. Mama mkwe wangu, Bi Mwanakuu, alikuwa akinitazama kama mtu anayepekua mchele, angojea jiwe.

Miaka ile vitanda vya chuma vilikuwa vimejaa madukani, na matendegu yakakosa mtu wa kuyauliza. Aidarus akamtafutia babake kazi ya ubawabu kwenye ghala moja huko Shimanzi.

"Utakaa kwenye kiti tu, baba. Na kofia watakupa."

"Kofia ninayo," baba mkwe akamjibu, nami pia nilimwita baba.

"Wataka jawabu Jumapili."

"Basi Jumapili watalipata."

Alisema vile kwa sababu alikuwa na tamaa moja iliyobaki. Bwana Taib, mwenye duka la vitabu na karatasi kule Makadara, alimwambia hivi: niletee kalamu ambayo Mombasa nzima hakuna mwengine anayo, na nikiipenda nitakuagiza kila mwezi. Taib akikubali, keezo la baba lingebaki mahali pake. Akikataa, ni ile kofia ya bawabu.

Keezo ndiyo mashine ya kukerezea. La baba halikuwa na umeme wala gurudumu. Lilikuwa vigogo viwili vyenye misumari iliyoelekeana, na kile kinachokerezwa hukaa katikati. Kamba ya uta huzungushwa juu yake, mkono wa kulia ukivuta uta huku na huku, na mkono wa kushoto ukishika patasi pamoja na vidole vya mguu. Naam, vya mguu. Baba alikuwa na mikono mitatu.

Alijaribu pembe ya ng'ombe, ikatoka vizuri. Akajaribu kifuu cha nazi. Kifuu ni chembamba na kimepinda, huwezi kukichonga kalamu nzima, kwa hivyo alikata pete ndogo ndogo, akazipanga kama shanga kwenye ujiti wa mpingo, akazigandisha kwa gundi, ndipo akakereza. Pete nyingi zilipasuka. Lakini hizi mbili hakuziona kitu. Moyo wake ulikuwa kwenye sandarusi.

Rafiki yake Kazungu, mtu wa bandarini, alikuwa akimletea mabonge ya sandarusi kutoka kwao bara ya Kilifi, ule utomvu wa miti ulioganda mpaka ukawa mfano wa kioo cha rangi ya asali. Watu huuyeyusha wakafanya vanishi. Kuukereza hakuna aliyethubutu, kwa kuwa ukivuta uta kwa pupa unakatika, na ukivuta sana unapata moto, unanata kwenye patasi. Baba alivunja mabonge matano. La sita lilikubali. Wiki mbili alilikwangua kidogo kidogo, akilipoza kwa maji, na Alhamisi akatuita kuiona, kalamu ya kutia nibu, ile ncha ya chuma ya kuandikia, nyembamba, yapitisha mwangaza, na ndani yake sisimizi mmoja amesimama miguu yote sita.

"Huyo mdudu umemtia wewe?" Bi Mwanakuu akamuuliza.

"Kaingia mwenyewe, kabla ya babu yako kuzaliwa."

"Basi nawe kukereza kwako kote ni kumchimbia sisimizi kaburi."

Baba akacheka, akaitia kalamu katika mfuko wa kanzu yake ya Ijumaa iliyotundikwa ukutani, apate kumpelekea Taib baada ya sala. Mimi sikumwona akiitia. Nilikuwa nimesharudi jikoni.

Asubuhi ya Ijumaa nikataka kuonyesha kwamba nimelelewa. Nikazitoa nguo za wanaume nizifukize. Nikatia makaa katika chetezo, nikanyunyiza udi, nikafunika kile kikapu cha kufukizia, nikatandaza juu yake kanzu ya mume wangu, kisha ya baba. Kanzu ya mume wangu niliipapasa mfuko kabla. Ya baba sikuipapasa. Nyinyi wa leo mtanishangaa, lakini mke wa mwana hatii mkono katika mfuko wa mkwewe. Ni utovu wa adabu, na mimi nilikuwa nimejaa adabu mpaka kooni.

Nusu saa baadaye nikairudisha mahali pake, yanukia mpaka barazani.

Baba alipoivaa nilikuwa ukumbini nakunja mikeka. Halafu akatoka ameshika kitu kilichopinda kama kidole cha ndizi, kimejaa nyufa nyembamba kama utando wa buibui, na kimeng'oa uzi wa mfuko. Nikajua papo hapo.

Bi Mwanakuu akanusa. "Harufu gani hii? Hii si udi mtupu."

"Ni kalamu," baba akasema. "Nimeibabua mimi. Nilitaka ing'ae zaidi, nikaipitisha motoni."

"Wewe? Wiki mbili wakwangua, kisha waichoma kama mshikaki?"

"Uzee, mke wangu."

"Si uzee, ni ubishi! Haya, kavae kofia yako ya ubawabu!"

Alimsema mpaka adhana ikamnyamazisha. Baba hakunitazama hata mara moja. Akavaa kanzu nyingine akaenda msikitini.

Aliporudi nilimfuata kule uani alikoweka keezo. Nilikuwa nalia kabla sijafika.

"Baba, ni mimi."

"Najua, mwanangu. Kanzu haijifukizi."

"Nitamwambia mama ukweli."

"Umwambie ili iweje? Mimi maneno yake nimeyazoea miaka thelathini, hayanipati. Wewe bado." Kisha akaniuliza kama mtu anayeuliza habari za safari: "Makaa yalikuwa mangapi?"

"Matatu."

"Matatu tu?"

Akachukua kipande cha sandarusi kilichobaki, akakiweka juu ya bati juani. Alasiri tukakigusa. Kilinata kwenye kidole.

"Ningemuuzia Taib aibu," akasema.

Jumamosi asubuhi nilifuatana naye mpaka Makadara, kwa kisingizio cha kununua uzi. Nilisimama kando na buibui langu, nasikia kila neno.

"Sabalkheri, Bwana Taib."

"Sabalkheri. Iko wapi?"

Baba akaiweka mezani ile iliyopinda.

"Kamaludin! Umeniletea maiti?"

"Nimekuletea shahidi. Sandarusi ni nzuri kuitazama, lakini moto haiwezi. Makaa matatu, basi. Na jua la hapa pia haliwezi. Usiitake kwangu wala kwa mwengine."

Bwana Taib akageuka kulitazama dirisha lake la duka, ambalo kila siku jua la alasiri huingia moja kwa moja. Akashika kichwa. "Na mimi nilikuwa nimeshazitengea mahali pale! Wazungu wa meli wangenirudishia zimelegea kama unga wa maandazi." Akacheka mpaka akatoa leso. "Basi huna kitu kingine?"

Baba akazitoa ile ya pembe na ile ya kifuu, kwa haya, kama mtu anayetoa chakula cha jana. Taib akaitia nibu ile ya kifuu, akaichovya, akaandika jina lake, akaliandika tena. "Hii hupasuka?" Baba akaichukua, akaiachia ikaanguka sakafuni, ti! Ikaviringika mpaka miguuni pangu. Niliinama nikaiokota, nzima.

"Za kifuu kumi na mbili," Taib akasema. "Za pembe sita. Mtu anayeniambia ubaya wa bidhaa yake kabla sijainunua, huyo namtaka."

Jumapili Aidarus aliuliza jawabu. Baba akamwambia, "Waambie kichwa changu hakiingii kofia yao." Mume wangu akatabasamu, akasema watatafuta mwengine.

Alikereza mpaka mwaka aliokufa. Kalamu zake zilikwenda mashuleni na maofisini, nami nilijifunza kupanga pete za kifuu kwenye ujiti, tukikaa uani mimi naye, na sikumpata baba mwengine kama yeye. Mungu amrehemu. Bi Mwanakuu hakuisahau ile ya sandarusi. Kila mgeni akija na mazungumzo yakigusa kalamu, alikuwa akimnyooshea mumewe kidole: "Muulizeni huyu, aliyeichoma ya kwanza kwa ubishi wake!" Na baba, mbele ya watu wote, akiitikia, "Ni kweli, ni mimi," kisha akinisogezea kikombe nimwongeze kahawa.