Koti la Mama Mchungaji

Harufu ya makoti ya sufu yaliyolowa theluji, ikichanganyika na ya vitunguu vinavyokaangwa, ndiyo harufu ya kanisa kwangu. Baba yangu alikuwa mchungaji wa Kimethodisti, aliyetumwa kutoka Meru hadi Toronto mwanzoni mwa miaka ya tisini kuanzisha kanisa mahali ambapo halikuwapo. Hakupewa jengo wala kinanda. Tulisali sebuleni kwetu, ghorofa ya kumi na moja, mtaa wa Flemingdon Park, na kila Jumapili tulikisimamisha kitanda changu ukutani ili watu wapate pa kukaa. Mchana baba alipanda basi kwenda Agincourt, mtaa wa mbali, kuzihubiria familia nne, akarudi na viatu vyeupe kwa chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu. Mama ndiye aliyeanzisha nyimbo. Bila sauti yake tulikuwa kundi la watu wanaosikia baridi tu.

Baba alikuwa na ugonjwa wa kutoa. Nasema ugonjwa kwa sababu ndivyo nilivyouona nikiwa na miaka kumi, na sijabadili mawazo sana. Blanketi, sufuria kubwa, hata buti zangu zilizokuwa bado zinanitosha, vyote viliondoka na wageni waliofika juzi. Lakini baada ya mwaka mzima wa kazi ya kuogesha wazee wa watu, mama alijinunulia koti la kijani, refu kupita magoti, akalitundika nyuma ya mlango na kutukataza kulishika.

Jumapili moja akaingia dada kutoka Bujumbura, mwenye wiki moja mjini, amelivaa koti lile. Baba akasimama akitabasamu. "Tumshukuru mama mchungaji kwa kumvika dada yetu." Watu wakapiga makofi. Mama akatoka jikoni, akamkumbatia yule dada, akamfunga vizuri kifungo cha juu, kisha akaketi. Baba akataja wimbo. Mama hakufungua kinywa. Baba akauanzisha mwenyewe, juu mno, ukamkatikia njiani.

Watu walipoondoka baba akasema, "Mama Kendi, umeniaibisha."

"Ungeniuliza, ningekupa," mama alijibu. "Hukuniuliza."

Wiki sita alikwenda kazini na sweta mbili, akapika, akakaribisha wageni, wala hakuimba. Sanduku lake la safari lilikuwa wazi kando ya kitanda. Kila nilipotoka shule nilikimbilia kuangalia kama bado lipo, na nilimchukia baba kwa hofu ile.

Wiki ya saba baba alikuja jikoni, mbele yetu watoto. "Naomba nimpe mzee wa Agincourt skafu yangu."

"Si ni yako?"

"Bado nauliza."

Mama aliendelea kukanda unga. Jumapili iliyofuata akaimba, na sanduku likarudi juu ya kabati.

Siku hizi kanisa lina jengo na kinanda, na mama ametutoka, huu ni mwaka wa tatu. Majuzi nilimkuta baba mbele ya kabati la mama, ameshika koti ambalo mama alilivaa mwisho. Kuna mama mmoja mgeni amefika kanisani, hana nguo za baridi. "Kendi," akasema, "unadhani angekubali?" Angekubali, na sote wawili tulijua. Nikamwambia aningoje kwanza nifikirie. Hii ni wiki ya pili, theluji imeanza, na koti bado liko kabatini. Baba hajaligusa. Ananisubiri mimi.