Mkono wa Mashine

Siku hizi nacheza sataranji kwenye simu, na watu nisiowajua hata kwa sura. Mmoja kaweka picha ya paka, mwingine hana picha kabisa. Ananifunga au namfunga, hatusalimiani, kila mtu anaendelea na shughuli zake. Nikiwachoka watu nacheza na simu yenyewe. Wajukuu wangu wananicheka, wanadhani bibi kaujua mchezo huu juzi. Hawajui kwamba zamani, Tabora, miaka ile ya foleni, niliwahi kuwa mkono wa mashine ya sataranji, na kwamba mkono huo ulisema uongo.

Baba yangu alikuwa fundi cherehani. Alishona kanzu na suruali kwenye baraza la nyumba yetu, na ikishaswaliwa alasiri cherehani inafunikwa kitambaa, unaletwa ubao wa sataranji. Wanaume wa mtaa walikuja kufungwa. Sitii chumvi: walikuja kufungwa, maana miaka yote ya utoto wangu sikumwona mtu aliyemshinda baba mara mbili. Mimi alinifundisha nikiwa bado sijaanza shule, sambamba na alifu na be. Alikuwa amehitimu Kurani, na barua zake zote aliandika kwa Kiswahili safi kwa herufi za Kiarabu, mwandiko mzuri kuliko wangu wa leo.

Sasa enzi zile kila kitu kilikuwa na orodha. Orodha ya sukari, orodha ya sabuni, orodha ya kwenda shamba la kijiji. Ikaja na orodha ya watu wazima wasiojua kusoma na kuandika. Balozi wetu wa nyumba kumi alipita na daftari, akamwonyesha baba kipande cha gazeti, akamwambia asome. Baba hakuweza. Herufi za kizungu hakuwahi kufundishwa, na wala hakuona haja. Balozi akaandika jina lake kwenye orodha, na kuanzia siku hiyo baba yangu, ambaye watu walikuwa wakimletea barua awasomee, akawa mjinga wa serikali.

Mwalimu wa kisomo cha watu wazima katika tawi letu la chama nilikuwa mimi. Nilikuwa nimemaliza darasa la saba, nikapewa chaki na kitabu. Jumatatu na Alhamisi nilifundisha irabu kina mama na wabeba mizigo wa stesheni. Baba hakukanyaga pale.

"Nikafundishwe na mtoto niliyemshikisha kalamu mimi?" alisema. "Labda nife kwanza."

Sikumlaumu. Ila balozi alikuwa Mzaramo, na sisi ni Wanyamwezi, kwa hiyo ni watani, na mtani humkasirikii. Kila akipita barazani alisema, "Mnyamwezi, mwalimu wako yuko ndani anakupikia, na wewe hujui hata a!" Watu wanacheka, baba anacheka. Mimi niliyekaa ndani niliyaona mabega yake, na mabega hayakuwa yanacheka.

Ndipo ilipokuja mashine. Ililetwa na mwalimu wa hesabu wa sekondari, kijana wa Sikonge aliyekuwa amerudi kutoka masomoni ng'ambo. Alikuja kupimwa suruali, akaona ubao, akasema, "Mzee, nina mashine inacheza mchezo huu." Baba akadhani ni utani wa aina nyingine. Kesho yake akaja nayo kweli, imefungwa kwenye taulo. Kidude cheusi, kipana kama kitabu, chenye vitufe na kijidirisha. Ukisogeza kete yako kwenye ubao, unabonyeza kwenye vitufe ilikotoka na inakokwenda. Mashine inafikiri, kisha kwenye kijidirisha inaandika jibu kwa vijiti vyekundu, herufi na namba za miraba ya ubao, na mtu anaisogezea kete zake. A ilikuwa kubwa, na C na E pia. Lakini b na d zilikuwa ndogo. Mwalimu alinieleza sababu: kwa vijiti vile B kubwa hufanana na nane, na D kubwa hufanana na sifuri.

Mchezo wa kwanza haukufika mbali. Kwetu shaha, yaani mfalme, aliruhusiwa kuruka kama farasi mara moja katika mchezo. Ndivyo wazee walivyocheza tangu zamani. Baba akamrusha shaha wake, mwalimu akabonyeza, mashine ikalia piii. Akabonyeza tena, ikalia tena. Mashine ilikuwa inakataa.

"Mwambie ndivyo tunavyocheza," baba alisema.

"Mzee, haiambiwi."

Mara ya tatu ilipolia, baraza zima likaangua kicheko, na balozi akajipiga paja. "Mnyamwezi! Hata mashine imekugundua hujasoma!" Kisha akasema lile neno ambalo kwake lilikuwa utani tu. Alisema, "Haya, ukiifunga hiyo mashine, jina lako nalifuta kwenye orodha mimi mwenyewe, kwa wino, mbele ya watu."

Baba hakucheka. "Nipe wiki mbili," alimwambia mwalimu. "Nifundishe kanuni zake."

Wiki mbili zile nyumba yetu haikukalika. Mwalimu alikuja jioni kumfundisha kanuni, nami nikicheza na baba upande wa mashine. Alikosea urefu wa mikono ya kanzu ya mtu, jambo ambalo sikuwahi kulisikia. Siku moja nilipofagia chini ya cherehani nikaokota kipande cha kitambaa cha marekani kilichojaa alama za chaki ya fundi, mistari kwa mistari, zimefutwa na kuandikwa tena. Nikajua ni vipimo. Nikakikunja nikakirudisha kwenye kapu la vipande.

Mwalimu naye alikuwa na shida yake, betri. Madukani hakuna, na zile sita alizokuwa nazo zilikuwa zimeanza kuchoka. Kila asubuhi alizianika juani kama mchele.

Jumamosi ya pambano baraza lilijaa hadi barabarani. Baba alivaa kanzu nyeupe. Mwalimu alipotaka kukaa karibu na mashine, baba akamzuia kwa upole.

"Mwalimu, wewe ndiye mwenye mashine. Kaa pale na wenzako. Atasoma mwanangu. Huyu hawezi kunidanganya."

Nikakaa kwenye mkeka kushoto kwa baba. Jua la alasiri lilipiga kijidirisha na betri zilikuwa hafifu, kwa hiyo ili nione chochote nilikifunika kwa ncha ya kanga yangu na kuchungulia chini yake. Hakuna mtu mwingine aliyeweza kuona. Nilisoma kwa sauti, nikasogeza kete za mashine, baba akajibu, nikabonyeza. Nilifanya hivyo saa nzima.

Na baba alikuwa anashinda. Nataka lieleweke hilo. Alikwisha kuila ngome moja ya mashine bure, na mashine ilianza kufikiri kwa muda mrefu hadi watu wakadhani betri zimekufa. Chini ya kanzu, mguu wake wa kulia ulikuwa unakanyaga hewa, kama yuko kwenye cherehani. Nilikuwa nalitaka lile jina lifutwe kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote, kuliko baba mwenyewe pengine, maana daftari la orodha nilikuwa nalishika mimi kila Jumatatu, nikiita majina, na jina la baba nilikuwa naliruka.

Farasi wa mashine alikuwa amesimama c tatu. Baba akamsogeza waziri wake, kete yenye nguvu kuliko zote, hadi e tatu ili amkimbize. Watu wakaguna kwa furaha. Mimi nikaona wasichokiona. Shaha wa baba alikuwa f mbili, na farasi yule akirukia d moja angemtishia shaha na waziri kwa pamoja. Shaha angelazimika kukimbia, waziri angeliwa, na mchezo ungekuwa umekwisha. Nikaomba Mungu mashine isilione.

Ikafikiri. Nukta nyekundu zikatembea, zikasimama. Nikafunika kanga, nikachungulia. C3, d1.

Sikupanga. Ulimi ulitangulia. "C tatu," nikasema, "b moja."

Farasi hurukia hata huko, hakuna aliyeshtuka. Nikamshika, nikamweka b moja, pembeni kabisa, mahali pa kijinga. Barazani watu wakashusha pumzi. Ningeulizwa, ningesema nimekosea. B na d, nani hazichanganyi? Wanafunzi wangu walizichanganya kila wiki.

Baba alimtazama yule farasi kwa muda mrefu.

"Soma tena," akasema.

"C tatu, b moja."

Akainama. Akainua ncha ya kanga kwa vidole viwili, kama anavyoinua pindo la nguo ya mtu, akachungulia. Midomo yake ilicheza kidogo. Nikajiambia hajui anachokiangalia, anaona vijiti tu. Kisha akanitazama mimi. Hakuwa na hasira. Afadhali angekuwa nayo.

"Soma tena, mwanangu."

"B moja, baba."

Akajinyoosha. Akamshika waziri wake, akamwinua juu ya ubao, na watu wakaanza kunong'ona kwa sababu njia ilikuwa nyeupe: hatua mbili tatu na mashine ingefungwa. Hapo ndipo nilipoona shimo nililojichimbia. Ndani ya mashine farasi alikuwa d moja, si b moja. Mashine ilijua shaha wa baba ametishiwa. Nikibonyeza hatua yoyote ya waziri, italia piii, mbele ya mtaa mzima, na safari hii mwalimu wa hesabu angeinuka kuja kuangalia ni kwa nini. Kidole changu kilichokuwa juu ya kitufe nikakirudisha kwenye kanga. Baba alikiona.

Alimrudisha waziri pale pale alipokuwa. Akamlaza shaha wake chali.

"Nimefungwa," akasema.

Kelele zilizozuka hapo! "Umefungwa wapi?" "Mzee, ulikuwa unashinda!" Mwalimu akasimama aje aone, lakini baba alikwisha kunyoosha mkono na kuizima mashine. Vijiti vyekundu vikapotea pamoja na mchezo wote.

"Anayecheza ni mimi," alisema. "Nikisema nimefungwa, nimefungwa."

Balozi alikuna kichwa. "Basi, Mnyamwezi," alisema polepole, "Jumatatu kisomo."

"Jumatatu," baba alijibu.

Watu walipotawanyika nikaingia ndani, nikalitafuta kapu la vipande. Kipande cha marekani kilikuwa kule chini. Nikakikunjua mlangoni penye mwanga. Havikuwa vipimo. Zilikuwa herufi, kuanzia a hadi h, na namba moja hadi nane, na chini ya kila herufi aliyoweza kuilinganisha alikuwa ameandika ya Kiarabu inayokaribiana nayo. Chini ya b aliandika be, chini ya d aliandika dali. Hizo mbili zilikuwa na mistari mingi kuliko nyingine zote, b tumbo kulia, d tumbo kushoto, b, d, b, d, hadi chaki ilipokosa nafasi.

Alijua. Aliisoma. Angetamka herufi moja tu pale barazani, "hii ni d," na watu wote wangesikia fundi anasoma, na balozi angelazimika kulifuta jina lake papo hapo, ashinde asishinde. Angejivua ujinga kwa neno moja, na kwa neno hilo hilo angeniita mimi mwongo mbele ya mtaa. Akachagua kubaki kwenye orodha.

Niliona aibu ambayo sina namna ya kuipima. Nilimpelekea chai, nikasimama pale nikisubiri anigombeze, anipige, afanye lolote. Akasema chai haina sukari, jambo ambalo lilikuwa kweli kwa nyumba zote za Tabora mwaka ule. Jumapili ikapita hivyo hivyo. Nilimkasirikia hata yeye, kwa kunyamaza kwake.

Jumatatu alikuja. Alivaa kanzu na kofia, akabeba daftari jipya, akawasalimia kina mama na wabeba mizigo, akakaa benchi la mbele. Balozi alichungulia dirishani kuhakikisha, akaenda zake. Nikaita majina, na kwa mara ya kwanza sikuliruka la baba.

"Nipo, mwalimu," akaitikia.

Somo la siku ile halikuwa la kuchagua, lilifuata kitabu. Nilikuwa nimekwisha kuandika ubaoni maneno mawili: baba, dada. Nikaweka fimbo chini ya herufi ya kwanza ya neno la pili. Nilitafuta mtu wa kumwita asome, macho yakawa yanakwepa benchi la mbele, na benchi la mbele likanyoosha mkono.

"Mwalimu," baba alisema, "wanafunzi tunazichanganya hizi mbili. Soma wewe kwanza. Tusikie unachokiona."

Darasa likacheka, likidhani mzee anatafuta pa kujificha.

"D," nikasema.

"Soma tena," akasema baba.