Kazi Tatu za Fadhul na Kiti Kinachozunguka

Fadhul Kamis alimaliza chuo cha biashara mwaka 1976 akiwa na cheti, tai moja ya kijani na barua tatu za kuitwa kazini. Siku hizo Kampala ilikuwa na meza nyingi kuliko watu wa kuzikalia, maana wenyewe wengi walikuwa wamekwisha kuondoka, wengine kwa ndege, wengine kwa basi, wengine bila kuaga. Kijana aliyejua kujumlisha bila kutumia vidole hakukaa nyumbani muda mrefu. Hata hivyo barua tatu kwa mpigo zilikuwa habari kubwa Kisugu, na watu waliomwita "mjukuu wa muuza karanga" wakaanza kumwita Bwana Mhasibu.

Muuza karanga mwenyewe alikuwa Rukiah, mama wa marehemu baba yake, aliyemlea tangu hajaota meno. Sote majirani tulimwita Habuba, kama Wanubi wanavyomwita bibi. Alikuwa na meza yake soko la Wandegeya na mizani ya shaba, na hakuamini jambo lolote ambalo halijapanda juu ya mizani hiyo.

Barua ya kwanza ilitoka wizarani, shilingi elfu moja na mia moja kwa mwezi. Ya pili ilitoka kiwanda cha sabuni, mia nane, pamoja na katoni ya sabuni za mche kila mwisho wa mwezi. Ya tatu ilitoka kiwanda cha bia, mia nane na hamsini, pamoja na kreti mbili za bia.

Fadhul alikuwa amekwisha kuchagua. Alitaka wizara, na sababu haikuwa mshahara. Siku ya usaili alikuwa ameona kiti cha ngozi nyeusi, chenye mikono, ambacho kinazunguka. Ofisa alipotoka kutafuta kalamu, Fadhul alikikalia kidogo tu na kujisukuma kwa mguu. Ofisa aliporudi alimkuta ameelekea ukutani, akijitahidi kurudi.

"Ukikubali kazi," ofisa alimwambia kwa upole, "hicho ndicho kitakuwa kiti chako."

Tangu siku hiyo Fadhul hakuweza kukaa juu ya kigoda cha jikoni bila kujaribu kukizungusha, na kigoda kilikuwa na miguu mitatu iliyochimba sakafu.

Shida ilikuwa Habibah. Huyu alikuwa binti wa nyumba ya pili chini ya mtaa, mshonaji, mwenye mdomo mwepesi kama cherehani yake. Alimtaka Fadhul na Fadhul alimtaka yeye, na jambo hilo lilijulikana hata kwa mbuzi wa mtaani. Lakini ukoo wa Habibah ulikuwa na desturi yake. Kabla ya posa kukubaliwa, mashangazi wa binti walikwenda nyumbani kwa mwanamume kunywa chai. Hawakuuliza maswali. Walikunywa, wakatazama, wakarudi. Utamu wa chai ndio uliowaambia binti yao ataishi vipi.

Desturi hiyo ilikuwa nyepesi zamani, sukari ilipokuwa dukani. Mwaka ule sukari ilikuwa kama ndugu tajiri, unasikia yuko mjini lakini humwoni. Na tayari mchumba mwingine alikuwa amewanywesha mashangazi. Jina lake Wahabi, mlinzi wa ghala la sukari, mtu wa makamo mwenye sukari nyingi na meno machache. Chai yake, walisema, kijiko kilisimama chenyewe. Mashangazi walirudi kutoka kwake wakifuatwa na nyuki.

Habibah alimkuta Fadhul uani akipiga tai yake pasi.

"Nasikia unaenda wizarani," alisema.

"Habibah, hujakiona. Kinazunguka mpaka nyuma."

"Na shilingi zao zitanunua sukari wapi?"

"Watatupa hata kibandiko cha jina mlangoni."

"Basi mashangazi watakuja wakoroge kibandiko." Akachukua ile pasi, akaimalizia tai kwa sababu alikuwa anaiunguza. "Zunguka nacho, mume wa kiti. Mimi nitakuwa kwa Wahabi nahesabu meno. Haitachukua muda."

Fadhul alimwendea Habuba. Habuba alitoa mizani. Alimwita na jirani wa ukuta mmoja, Tarcisio Okeny, sajini wa polisi, Mwacholi Mkatoliki mwenye sauti nene, aje awe shahidi. Tarcisio alikuja na mkewe Adong, maana hakuna aliyetaka kukosa kuona kazi zikipimwa.

"Weka wizara," Habuba aliamuru.

Fadhul aliweka ile barua. Sahani ya mizani haikutikisika.

"Ongeza mshahara."

Fadhul aliweka noti alizokuwa nazo mfukoni. Upepo ulipita, noti moja ikaruka ikaangukia kwenye bakuli la karanga.

"Imejibu yenyewe," alisema Tarcisio.

Kwa kiwanda cha sabuni Habuba aliweka mche mmoja, na sahani ikashuka vizuri. Kwa kiwanda cha bia Tarcisio alikimbia kwake akaleta chupa. Ilishuka kwa kishindo hata mizani ikainama.

"Ilikuwa imejaa," Adong aliuliza polepole, "ama ndiyo ile ulisema umempa padri?"

"Mama Otim, tuko kwa mambo ya kazi hapa."

Habuba aliitazama chupa ile kama anayetazama nyoka aliyelala. "Pombe haiingii nyumba hii. Sabuni inatosha."

"Habuba, sabuni kila mtu anaitafuta, lakini mtu akikosa anaoga na majani," Tarcisio alisema. "Bia hapana, haina badala. Iko dereva wa lori la sukari, mtu wa kwetu. Yeye kreti nne za bia anakupa nusu gunia, na anakusalimia. Si lazima kreti ziingie kwako. Ziingie kwangu. Mimi Mkatoliki, tena polisi. Nani atashangaa?"

Habuba alifikiri mpaka karanga zikapoa. Mwisho alikubali, kwa sharti kwamba asione chupa, asisikie chupa, na asiambiwe habari za chupa. Fadhul aliandikia wizara barua ya kushukuru na kukataa. Nafasi yake ilichukuliwa na Otim, mtoto mkubwa wa Tarcisio, waliyesoma naye chuo kimoja. Otim alipita siku ya kwanza amevaa suti ya baba yake na kusema, "Kinazunguka kweli." Fadhul hakula chakula cha mchana.

Kiwandani alipewa stuli ya mbao na dirisha linalotazama mapipa. Alifanya kazi vizuri. Mwisho wa mwezi kreti mbili zililetwa kwa Tarcisio, na mwezi uliofuata zikaletwa nyingine mbili. Zikawa nne, za kutosha nusu gunia. Ilibaki kumsubiri dereva.

Asubuhi moja Adong alizunguka ukuta akiwa amebeba kreti kichwani, na nyingine tatu zikifuata kwenye toroli.

"Habuba, nisamehe. Mzee wangu anazilinda sana hizi. Kila akizilinda zinapungua. Dereva akifika Jumamosi, atakuta mbao."

Habuba alifumba macho. "Adong, umeleta nini?"

"Nimeleta…"

"Umeleta viti."

Adong alimtazama, akatazama kreti. "Ndiyo, Habuba. Viti vinne."

"Asante. Tulikuwa na upungufu wa viti." Akaenda sandukuni, akatoa milaya zake nne, zile shuka zilizotariziwa maua mekundu ambazo Wanubi hutandika siku ya harusi, akazifunika kreti mpaka chini. Zilikaa sebuleni zikipendeza kuliko viti vyake vya kweli. Tangu hapo alizipita bila kugeuza shingo. Fadhul aliporudi kazini alitaka kueleza jambo. Habuba alimwambia, "Kaa kitini ule," naye akakaa.

Mashangazi walikuwa wamesema watakuja Jumapili. Dereva alikuwa amesema atakuja Jumamosi. Jumamosi ilipofika dereva alikwama kwenye kizuizi cha askari huko barabarani, ambako walitaka kujua kwa nini sukari yake ni nyeupe. Mashangazi, kwa upande wao, walikuja Jumamosi hiyohiyo, kwa kuwa mmoja wao alikuwa na maziko Jumapili.

Walikuwa watatu, wakitanguliwa na Maimunah, dada mkubwa wa baba yake Habibah, mwanamke mpana, mwenye heshima, ambaye akiingia chumbani, chumba kinajua. Vilipoonekana viti vyenye milaya hakutazama vingine. Alichagua kile cha katikati akakaa.

Kiti kilisema *klin*.

Habuba alikohoa. Fadhul alikohoa. Adong, aliyekuwa amekuja kusaidia jikoni, aliangusha sufuria.

"Nyumba yenu ina baraka," Maimunah alisema, akasogea kidogo. *Klin, klin.*

"Alhamdulillahi," Habuba alisema kwa sauti kubwa. "Kuna kengele za mbuzi wa jirani."

"Jirani gani?"

"Huyu," Habuba alisema, akaelekeza kidole upande wa Tarcisio, ambaye hakuwa na mbuzi. Tarcisio alisikia kupitia ukuta. Ni mtu wa msaada. Akalia kama mbuzi.

Mashangazi wawili wadogo walicheka. Maimunah pia alianza kucheka, lakini kila alipotikisika kiti kilicheka naye, basi akaacha. Alitulia. Kisha akajiegemeza kushoto, akasikiliza. Akajiegemeza kulia, akasikiliza. Fadhul alitazama sakafu na kumwona Wahabi kwa mawazo, meno yote machache yakiwa nje.

Chai ililetwa. Ilikuwa na tangawizi ya kutosha, ilikuwa ya moto, na vikombe vilikuwa safi. Sukari haikuwamo hata punje. Mashangazi wadogo walionja, wakatazamana, wakaviweka vikombe chini taratibu kama watu walio msibani. Maimunah alikunywa chake chote. Kutoka chini yake, kwa ajili ya joto la siku ile au kwa ajili ya uzito wa heshima yake, kifuniko kimoja kiliachia. *Psssss.* Harufu ya shayiri ikapanda kupitia maua mekundu ya milaya.

Hata mbuzi wa jirani alinyamaza.

"Kijana," Maimunah alisema, "unafanya kazi wapi?"

Kwa desturi yao mashangazi hawaulizi. Fadhul alisimama. "Kiwanda cha bia, shangazi. Mimi mhasibu. Sinywi."

"Sikuuliza kama unanywa. Wanakupa viti vingapi kwa mwezi?"

"Viwili, shangazi."

"Na wizarani, nasikia walikuita. Walitoa nini?"

"Kimoja. Lakini kinazunguka."

Habuba alikuwa ameinamisha kichwa, akisubiri kuaibishwa. Badala yake Maimunah alinyanyuka, akainyoosha ile milaya kwa mkono wake mwenyewe ili pembe iliyoinuka ifunike mbao, akampa Habuba mkono.

"Dada Rukiah, mimi sijaona kitu ila kazi nzuri ya sindano. Hiki kiti changu kigeuzeni sukari, halafu mtuite tena. Tuna wiki mbili kabla ya kumjibu Wahabi."

Njiani mashangazi wadogo walimwuliza kwa nini ametoa muda, na chai yenyewe ilikuwa chungu vile. Tulisikia jibu lake mtaa mzima, kwa kuwa hakuwa na sauti ya kunong'ona.

"Kwa Wahabi tulikunywa sukari ya ghala, na ghala si lake. Kwa Fadhul tumeikalia."

Dereva alifika Jumatatu na nusu gunia, pungufu ya kile kilichobaki kizuizini. Aliikubali hata ile chupa iliyoachia, akaimaliza hapohapo ili hesabu isiharibike. Chai ya pili ilikuwa tamu hata mashangazi wakaomba maji. Wahabi alipelekewa jibu la adabu pamoja na kikapu cha karanga laini.

Harusi ilifanyika mwezi wa Desemba. Wageni walikaa juu ya kreti tupu alizorudisha dereva, zilizofunikwa milaya, na Tarcisio alipita akiwaeleza wote kwamba wazo la viti lilikuwa lake. Chai ilipokuwa ikigawiwa, Otim alimvuta Fadhul pembeni. Suti ya baba yake ilikuwa imechakaa magotini.

"Bwana harusi, nina ombi. Unakumbuka kile kiti?"

"Nakiota."

"Kapteni mmoja alikuja wizarani kuuliza habari ya pensheni. Akakikalia. Akazunguka. Akaondoka nacho kwenye gari la jeshi. Sasa ni mwezi wa pili naandika nikiwa nimesimama, na mkubwa wangu anasema ninaonekana mtu mwenye bidii."

Fadhul alikwenda chini ya ukuta, akachagua kreti moja nzima, isiyo na misumari iliyotokeza, akaipangusa kwa tai yake ya kijani.

"Chukua. Lakini haizunguki."

Otim aliiweka kichwani kuipima uzito. "Usijali," alisema. "Nitazunguka mimi."

Nyuma yao Habibah alikuwa akimwita mumewe aje akae apigwe picha. Fadhul alikwenda, akakaa kwenye kreti kando yake, akajaribu kidogo, kwa mguu mmoja tu, kujisukuma.